Kitanda Kilichotandikwa Nikiwa Msalani

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri niliamka kwenda msalani. Kaka yangu anaishi Lanet, hapo Nakuru, na choo chake kiko nje, hatua kama ishirini kutoka mlango wa nyuma. Ilikuwa Julai. Aliyewahi kulala Nakuru mwezi wa Julai anajua kwamba mtu hakai chooni kusoma gazeti. Nilikwenda, nikarudi.

Kitanda changu kilikuwa kimetandikwa.

Sisemi blanketi lilikuwa limevutwavutwa likafunika godoro. Shuka lilikuwa limekazwa kama ngozi ya ngoma, pembe zimekunjwa na kuingizwa chini, mto uko katikati kabisa. Soksi nilizokuwa nimezivua usiku na kuzitupa popote zilikuwa zimeviringwa pamoja juu ya viatu, na viatu vyenyewe vimeelekea mlangoni. Hata simu yangu ilikuwa imesogezwa ikalingana na ukingo wa meza.

Sikuwa nimemaliza kulala.

Niliketi kwenye kiti kwa sababu sikuthubutu kukaa kitandani. Mwanamume wa miaka arobaini na minane, mwalimu, baba wa watoto watatu, naogopa kukunja shuka. Jikoni nikasikia kiberiti kikiwashwa, gesi ikashika, sufuria ikawekwa. Afande alikuwa ameshaamka zamani.

Jambo hilo limenikaa kichwani tangu siku hiyo.

Jeshi litamnyoosha

Mtaani wanamwita Afande. Mwenye duka, vijana wa boda boda, mchungaji, wote. Mkewe pia. Mama yetu aliyemzaa na kumpa jina la babu yake naye humwita Afande, tena kwa fahari, kama mtu anayesema daktari. Alistaafu mwaka 2019 akiwa sajini, baada ya miaka 23.

Nilikuwa nimetoka Kisumu kwenda kwake na ujumbe. Dada yetu anakaa Kaptembwa na mwanawe, Wekesa, ambaye alimaliza kidato cha nne akapata C ya chini. Tangu hapo kazi yake imekuwa kutafuna muguka, majani ya kulevya kama mirungi, na wenzake hadi usiku wa manane na kulala hadi saa sita mchana. Kisha mtungi wa gesi ukatoweka nyumbani. Dada akanipigia simu analia. Zungumza na Afande, akae na huyu mtoto, amkimbize asubuhi, maana karibuni KDF wataandikisha watu. Jeshi litamnyoosha.

Nilikubaliana naye neno kwa neno. Ningekataaje? Mimi hufundisha Kiswahili na Historia kwenye shule ya wavulana, na maneno hayo nimeyatamka mbele ya darasa mara nisizoweza kuhesabu. Wewe, unayelala kwenye dawati, jeshi litakunyoosha. Wewe mwenye shati nje. Wewe unayenijibu.

Afande alinisikiliza akimenya viazi, ganda likitoka moja refu bila kukatika. Nilipomaliza akatia kiazi kwenye maji.

"Mwambie mamake nimekataa."

"Kwa nini?"

"Nimekataa."

Akanawa mikono, akatoka kwenda kufungia kuku.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Huyu ndiye mtu ambaye familia nzima hutumia kama ushahidi. Ukitaka kumwonyesha mtu jeshi linavyofanya kazi, unamwonyesha kaka yangu. Na ushahidi wenyewe umekataa kutoa ushahidi.

Tulikuwa wawili kwenye foleni

Wasichojua wengi ni kwamba mimi na yeye tulisimama foleni moja, mwaka 1996. Tulivua mashati tukabaki na kaptula. Tulipimwa kimo na uzito, tukapanua vinywa tukahesabiwa meno, tukakimbizwa bila viatu. Mimi nilimshinda mbio, na hili nataka liandikwe mahali. Kisha mtu wa koti jeupe akaniambia nisimame wima, akainama, akaangalia miguu yangu kwa muda.

Nyayo bapa. Akanionyesha upande wa kutokea kwa kalamu.

Kwa hiyo jeshi lilimchukua mmoja likamwacha mwingine, wana wa mama mmoja, waliokula ugali wa sufuria moja. Kama hili ni jaribio la sayansi, mimi ndiye yule panya ambaye hakupewa dawa.

Na hadithi ya nyumbani inajulikana. Kaka alikuwa mtundu, akaenda kwenye mafunzo ya makuruta Eldoret, akarudi mtu. Aliporudi likizo ya kwanza alisimama mbele ya baba kama mlingoti, akamsalimia, na baba, mzee ambaye hatukuwahi kumwona akitokwa na chozi, akageukia ukutani. Nimeisimulia hadithi hii kwenye harusi yake, na kwenye hafla moja ya wazazi shuleni. Mwishoni watu hupiga makofi.

Mwezi wa Agosti shule zilipofungwa nilienda Kimilili kumwona mama, nikamsimulia habari ya kitanda. Akacheka. Nikamwambia, hebu fikiria, yule mtundu wa zamani.

"Mtundu nani?" mama akauliza.

"Afande."

"Wewe ndiye uliyekuwa mtundu. Huyo alikuwa anapanga kuni kwa urefu akiwa na miaka tisa. Nikichomoa moja katikati, analia."

Nilikaa kimya, maana nilizikumbuka zile kuni. Nilikumbuka pia kwamba mwenye kuzichomoa makusudi ili alie nilikuwa mimi.

Kama ni hivyo, jeshi lilimnyoosha wapi? Huenda lilipita kwenye ile foleni likaokota aliyekuwa amenyooka tayari, likaacha mwenye nyayo bapa na tabia bapa, halafu sisi tukalipa sifa ya ufundi ambao haukuwa wake.

"Hakubadilika basi?" nikamuuliza mama.

Akafikiri. Akasema zamani alikuwa akikamua ng'ombe huku akiimba, hata ng'ombe akazoea. Alipokwenda Eldoret yule ng'ombe alipunguza maziwa.

"Na aliporudi?"

"Alikamua. Lakini kimya."

Yaliyopimwa kwingine

Mimi ni mtu wa vitabu, na jambo likinikera huenda kulisoma. Nikakuta kumbe swali la mama limewasumbua wengine.

Ujerumani, kabla ya kusimamisha utumishi wa lazima mwaka 2011, kijana aliyemaliza sekondari aliweza kukataa jeshi akatumikia kwenye hospitali au nyumba za wazee badala yake. Watafiti wakafuatilia tabia za pande zote mbili, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Waliochagua jeshi walikuwa tofauti hata kabla ya kuvaa buti: hawakuwa wepesi sana wa kupatana na watu, wa kulegeza, wa kumwachia mwenzio. Hapo mama ameshinda. Lakini baada ya mafunzo pengo lilibaki, na sehemu yake ilitokana na jeshi lenyewe. Miaka mitano baadaye, watu wakiwa vyuoni na makazini, lilikuwa bado lipo.

Argentina waliendesha kwa bahati nasibu. Zilichezeshwa tarakimu tatu za mwisho za kitambulisho, na bahati ikaamua nani aende. Kwa mtafiti hiyo ni zawadi, kwa sababu hakuna anayeweza kusema wakorofi walijichagua wenyewe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta waliopelekwa jeshini waliishia kuwa na rekodi za uhalifu kwa kiasi zaidi ya wale ambao namba zao hazikutoka. Wale wazee wa baa wanaosema kila kijana wa Kenya apelekwe jeshini miaka miwili wangeanza kwa kusoma hilo.

Sisi huku hatujawahi kumlazimisha kijana kuwa mwanajeshi tangu uhuru. Tuna NYS, huduma ya vijana kwa taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, na ukitoka Nakuru kwenda Nairobi utaona vijana wake Gilgil. Majirani zetu wa Tanzania wana Jeshi la Kujenga Taifa tangu mwaka 1963. Utaratibu wao wa lazima, wa mujibu wa sheria, ulisimama mwaka 1994, ukarudishwa mwaka 2013 kwa wanaomaliza kidato cha sita. Rafiki yangu wa Musoma aliyepitia ule wa zamani nilimuuliza ulimfunza nini. Akasema kulala amesimama. Kisha akasema, na kumjua Msukuma, na kumjua Mmakonde, ambao asingekutana nao kwao. Nililipenda jibu lake la pili kuliko lolote nililosoma.

Mbaruk

Nisije nikaonekana naliponda jeshi. Mwaka 2021 tulikuwa kwenye matatu moja tukitoka Nairobi, na kabla ya kufika Mbaruk tukakuta lori limelalia ubavu na gari dogo chini yake. Ilikuwa imetokea dakika hiyo hiyo. Watu walikuwa wanateremka kwenye magari wanapiga kelele, wengine wanapiga picha.

Kaka aliteremka bila haraka. Alimwambia dereva wetu arudishe matatu nyuma iwashe taa. Akamnyooshea mtu kidole: "Wewe, shati jeupe, simama pale na matawi, kila gari lipunguze mwendo." Hakusema "tafadhali mtu asimamishe magari." Alisema wewe, na yule mtu akaenda. Akaingia nusu mwili kwenye dirisha la lile gari dogo, akaomba kitambaa, nikampa skafu yangu, akamfunga mama mmoja paja huku akimuuliza ana watoto wangapi na wanaitwa nani. Yule mama alitaja wote wanne. Alipokosea mpangilio akamrudisha aanze upya.

Yule mama alipona.

Tulifika nyumbani saa tatu usiku. Kaka alioga, akala, akalala. Mikono yangu ilitetemeka siku tatu. Nilikuwa siwezi kuandika ubaoni.

Utulivu huo haununuliwi dukani. Lakini ni ule ule aliokuja nao siku tuliyomzika baba. Bintiye wa miaka sita alikuwa analia kwa kile kilio cha mtoto kinachokata pumzi, naye akamshika mabega, akamwambia, "Pumua. Hesabu hadi kumi." Mtoto akahesabu. Akanyamaza. Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa kustaajabu, mimi nikiwa mmoja wao.

Leo ninapoikumbuka ile nane, tisa, kumi, sijisikii vizuri.

Keya

Katika ukoo wetu Afande si wa kwanza. Babu, yule ambaye kaka alipewa jina lake, alikuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Alipelekwa Burma na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua za masika ya huko, ikifukuzana na Wajapani hadi mto Chindwin. Alichotusimulia sisi wajukuu ni matope tu. Matope yalivyomeza nyumbu, yalivyomeza magari. Mvua ikinyesha Kimilili hakuweza kukaa ndani chini ya mabati. Alitoka akasimama barazani na koti lake, akaitazama hadi ikome.

Na alikuwa mtu mpole kupita wote niliowahi kuwajua. Alituachia tumchezee kofia. Hakuwahi kutuamuru kitu.

Kwa hiyo tuna babu aliyetoka vitani laini kama uji, na mjukuu wake mwenye jina lile lile aliyetoka mkavu. Nikimuuliza mtu wa "jeshi litamnyoosha" anieleze tofauti hiyo, sijui atanijibu nini. Hata mimi, mwenye kusema maneno hayo kila muhula, sikuwa na jibu.

Kitu kimoja nakijua, kwa kuwa mama husimulia. Babu aliporudi, bibi alikaa naye barazani kila mvua iliponyesha. Miaka mingi. Hakumuuliza kitu, alikuja na kigoda na kazi yake ya kuchambua maharagwe. Wazee walimfanyia tambiko la mtu aliyeona damu kabla hajala na watoto. Alipokewa polepole, kama unavyopokea mgonjwa.

Gwaride lao lilikuwa safi

Nilirudi Lanet mwisho wa Agosti. Jioni tulitoka kutembea, tukapita si mbali na ua wa kambi ya jeshi. Nikaanza kujitia mwalimu, nikataja maasi ya tarehe 24 Januari 1964, siku 43 tu baada ya uhuru, wakati askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles walipoasi hapo hapo Lanet, siku chache baada ya wenzao wa Tanganyika na siku moja baada ya wale wa Jinja, Uganda. Walitaka mishahara iongezwe, na walichoka kuongozwa na maofisa Waingereza katika nchi iliyokuwa huru. Serikali mpya ikalazimika kuwaita askari wa Uingereza kuwazima.

Nilitaka kufika kwenye hoja kwamba nidhamu si tabia. Kaka akaniwahi.

"Gwaride lao lilikuwa safi," alisema. "Mpaka jioni ile."

Tukatembea. Akitembea na mtu, hatua zake hulingana na za mwenzake bila yeye kujua. Nilijaribu kubadilisha mguu mara mbili, na mara zote mbili akabadilisha.

Nikaona ni sasa. "Kwa nini ulinitandikia kitanda?"

"Kitanda gani?"

Hakukumbuka. Nilimweleza: Julai, alfajiri, soksi, simu. Akasimama kabisa katikati ya njia, boda boda ikatukwepa.

"Nilitandika na wewe bado unalala?"

"Nilikuwa msalani."

Alijishika kidevu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi kumwona kaka yangu akiona aibu.

Kisha akasimulia, kwa vipande, bila kunitazama. Kule Eldoret walikuwa na kijana wa Lodwar aliyelala karibu naye. Hodari wa mbio kuliko wote, mlengaji mzuri, lakini kitanda kilimshinda. Kwao hakuwahi kulalia shuka mbili. Na sheria ya kule ni kwamba kitanda kimoja kikikutwa hovyo, chumba kizima mnatolewa nje usiku, kwenye baridi, mnaviringika kwenye nyasi zenye umande. Siku za kwanza wenzake walimpiga. Kaka naye alimpiga. Halafu akaona kupiga hakumfundishi, na kila usiku bado wanaviringishwa. Akaanza kuamka dakika kumi kabla ya wote, anatandika chake, anatandika cha yule.

"Kila siku?"

"Mpaka siku ya kufuzu."

"Ulikuwa unamsaidia."

"Nilikuwa najiokoa." Akatembea kidogo. "Baadaye ikawa namsaidia. Sijui iligeuka siku gani."

"Yuko wapi sasa?"

"Lodwar. Ana mbuzi. Kila Krismasi hupiga simu kuuliza kama nimemtandikia."

Nilikuwa nimekikasirikia kile kitanda kwa wiki saba. Nilikiona ni karipio, ni Afande ananikagua. Kumbe mikono yake ilipita gizani, ikaona shuka la ndugu yake limevurugika, ikanikinga na adhabu ambayo haipo.

Makofi

Nikamuuliza basi kwa nini alimkatalia Wekesa.

"Yule hamumpeleki jeshini," akasema. "Mnamtupa."

Nikabisha kidogo. Akaniacha nimalize.

"Mimi nilipokwenda nilikuwa na kwetu. Nikichapika, najua Kimilili wapo. Huyu mmemwambia ameshindikana, nendeni mkamtengeneze huko. Akifika atakuwa na jeshi peke yake. Mtu mwenye jeshi peke yake nimewaona. Wengine ni wazuri sana kazini. Siku ya kustaafu ndiyo unaona."

Na kisha, kwa sauti ile ile aliyotumia kuzungumzia mbuzi:

"Na mimi niliporudi mlinipigia makofi."

Sikuelewa.

"Nilirudi likizo ya kwanza, sijui niseme nini. Nikasimama tu vile tulivyofundishwa. Baba akalia. Nyinyi mkapiga makofi. Nikaona basi hivi ndivyo wanavyonitaka."

Nimeiandika sentensi hiyo nikaifuta mara nne. Kwa sababu mtu wa kwanza kumwita Afande alikuwa mimi. Siku hiyo hiyo, pale langoni, nilipiga kelele, "Afandeee!" na mguu nikaugonga chini kwa mzaha. Nilikuwa na wivu, ukweli ndio huo; nyayo bapa zilikuwa bado zinaniuma. Mzaha ukashika. Miaka 29 sasa hakuna anayemwita jina lake, halafu tunashangaa kwamba hachezi na watoto.

Alipokuwa Somalia hatukumuuliza kitu. Kila tarehe 15 Januari, siku kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde, huko Somalia, iliposhambuliwa mwaka 2016, huzima simu kutwa nzima. Yeye hakuwepo, lakini kuna vijana pale aliowafundisha. Sisi tunajua anazima. Tumekubaliana kimyakimya kwamba siku hiyo hapigiwi, na tukaita hiyo heshima.

Bibi alileta kigoda.

Nje ya ua

Wekesa alikwenda kujiandikisha mwenyewe. Hakumwambia mtu. Kumbe tangu dada alipompa jibu la Afande alianza kukimbia peke yake usiku, saa nne, wakati wenzake wako besi, kijiweni kwao, ili wasimwone. Si kwamba aliacha muguka, alipunguza. Halafu mtoto huyu, nikikumbuka, mwezi wa Agosti 2018 alisimama jandoni Kimilili amepakwa tope la mtoni tangu alfajiri, kisu kikapita, hakupepesa jicho. Nilikuwepo. Nilijua ana uti wa mgongo, nikasahau kwa sababu ya mtungi wa gesi.

Dada alinipigia asubuhi ya siku yenyewe. Nilikuwa Nakuru kwa semina ya walimu, nikachukua boda boda hadi uwanjani. Vijana walikuwa mia kadhaa, mashati chini, viatu mkononi. Nje ya ua wazazi, wauza mayai, wauza maji.

Na Afande.

Alikuwa amesimama tangu saa kumi usiku, jaketi kuukuu, thamosi kwapani. Mkononi alishika raba za Wekesa, kamba zimefungwa pamoja. Hakunieleza amejuaje, na sikumuuliza. Aliniambia tu kwamba amemnywesha chai na chapati tatu, kwa kuwa wanataka kilo 54 na nusu na kijana ni mwembamba. Alipima 55. Hiyo nusu kilo naamini ilitoka kwenye ile thamosi.

Na kwa kuwa najua mtauliza: hapana, hakuna aliyetoa hata shilingi ya hongo.

Wekesa alipopita mbele yetu akikimbia, namba imeandikwa kifuani kwa wino, alituona akataka kukaza uso kama askari. Kaka hakumpungia mkono. Aliziinua zile raba juu, azione.

Barua ya kuitwa Eldoret ilikuja. Siku aliyoondoka nilikuwa njiani Kisumu, nikasimuliwa. Aliamka amechelewa kama kawaida yake, akaoga mbiombio, akatupa blanketi huku na taulo kule, akakumbatiana na mamake mlangoni akaenda. Dada akafuta machozi, akaingia chumbani na ndoo na shuka safi, apange, afue, aanze upya.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni mwa kile chumba.

"Kiache," alimwambia.

"Hiki? Si unaona kilivyo?"

"Nakiona."

Nilipita Kaptembwa wiki iliyopita. Dada amefagia nyumba nzima, amepaka rangi hata sebule. Kile kitanda hajakigusa. Blanketi liko nusu sakafuni, mto umebonyea upande mmoja, na soksi moja iko juu ya dirisha. Anasema Afande hupita kila Jumapili baada ya kanisa, anafungua mlango, anakitazama, mikono ameifunga mgongoni, kisha anaufunga.